Tumbili ana virusi lakini haumwi. Je, kaka yangu aache dawa?

"Shikamoo Daktari. Kaka yangu ana miaka 34 na anaishi na VVU. Kwa miaka sita amemeza ARV bila kukosa, na kipimo chake cha mwisho kilionyesha virusi havionekani kwenye damu. Mwezi uliopita alitumiwa video kwenye simu. Anayezungumza humo anasema tumbili wa Afrika huzaliwa, huzeeka na kufa na virusi hivihivi bila kuugua, eti kwa sababu virusi vyao ni dhaifu na protini yao moja iitwayo Nef inaulinda mwili. Anasema mwili wa binadamu nao ungezoea, ila dawa ndizo zinazouzuia. Tangu hapo kaka ameanza kuruka dozi: siku mbili anameza, siku tatu anaacha. Nikimsema, ananijibu kwamba mimi sijasoma sayansi. Ni kweli, sijasoma. Naomba unieleze: ni kweli kuhusu hao tumbili? Protini ya kirusi ndiyo inayoamua nani aumwe? Na nimwambie nini?"

Marahaba, ndugu yangu. Kabla ya yote: kaka yako asiruke dozi nyingine, na aende kliniki yake wiki hii bila kungoja tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Hilo nitalirudia mwishoni kwa kirefu. Sasa tuzungumze habari za hao tumbili, maana mtu aliyesikia nusu ya ukweli humshawishi kwa kumwambia kwamba yote aliyoyasikia ni uongo. Atakwenda kutafuta, ataikuta ile nusu ya kweli, na kuanzia hapo hatakusikiliza tena.

Nusu ya kweli ni hii. Zaidi ya aina 40 za nyani, kima na jamaa zao barani Afrika hubeba virusi vya ukoo mmoja na VVU. Wataalamu huviita SIV. Tumbili wanavyo. Mangabe wa rangi ya moshi, kima wa misitu ya Afrika Magharibi, wanavyo pia, na virusi vyao ndivyo chimbuko la VVU-2, aina ya pili ya VVU. Wanyama hawa wakiambukizwa, kwa kawaida huishi umri wao wote bila kufikia UKIMWI. Nilipolisoma jambo hili mara ya kwanza nikiwa mwanafunzi, nilijiuliza swali lilelile linalomsumbua kaka yako, kwa hiyo simlaumu.

Anapopotoka yule mzungumzaji ni pale anaposema virusi vyao ni dhaifu. Ukipima damu ya mangabe aliyeambukizwa, mara nyingi utakuta nakala laki moja za virusi, au zaidi, katika kila mililita. Mtu mwenye kiwango hicho asiyetumia dawa tungetarajia CD4 zake, zile seli za kinga ambazo VVU huziingia, ziporomoke mwaka baada ya mwaka. Tena seli zilizoingiliwa ndani ya mwili wa mangabe hufa upesi, kama zinavyokufa ndani ya miili yetu. Kirusi kinazaliana na kinaua seli, lakini mnyama mwenyewe yuko mzima.

Ushahidi mkubwa zaidi ulikuja kwa njia ambayo hakuna aliyeipanga. Katika vituo vya utafiti vya Marekani, virusi vya mangabe vilihamia kwa makaki, kima wa Asia ambao huko kwao porini hawana SIV kabisa. Makaki wakakonda, wakaharisha, wakashikwa na magonjwa nyemelezi, wakafa. Mwaka 1985 watafiti walikitenga kirusi hicho kutoka kwa makaki wagonjwa na kukitambua kuwa ndugu wa VVU. Kirusi ni kilekile cha mangabe: huyu anakibeba mpaka uzeeni, yule kinamuua. Kwa hiyo ukiniuliza kama protini ya kirusi ndiyo inayoamua nani aumwe, nitakujibu kwamba haiamui peke yake. Uamuzi unatoka pale protini hiyo inapokutana na mwili fulani, na kila mwili una protini zake.

Tuitazame hiyo Nef kwa karibu, kwa kuwa imetajwa kana kwamba ni kinga. VVU ina jeni tisa tu, wakati binadamu ana takriban 20,000. Kirusi chenye mali kidogo hivyo hakibebi mzigo wa bure. Seli ya CD4 ikishaingiliwa, Nef hutengenezwa mapema, kabla virusi vipya havijaanza kutoka. Hukaa chini ya utando wa seli, upande wa ndani, na kuanza kuvuta vitu vilivyoko nje. Huivuta CD4 yenyewe, ule mlango ulio juu ya seli, wenye jina moja na seli, ambao kirusi kiliingilia, na kuipeleka ndani ikasagwe. Huvuta pia vibao ambavyo kila seli huvitoa nje ili kuonyesha kilichomo ndani yake. Askari wa kinga husoma vibao hivyo. Wakiona kipande cha kirusi, huiua seli. Vibao vikipungua, askari hupita wasione kitu.

Na hapa kuna ujanja ambao hunishangaza hadi leo. Nef haivuti vibao vyote. Kuna kundi jingine la askari, seli zinazoitwa wauaji asilia, ambazo kazi yao ni kushambulia seli yoyote isiyoonyesha kibao. Kwa hiyo Nef huacha aina chache za vibao mahali pake, zinazotosha kuwatuliza hao. Protini inayofanya kazi ya namna hiyo haimlindi mwenye mwili. Inakilinda kirusi.

Hilo lilijaribiwa waziwazi. Mwaka 1991 watafiti walichukua kirusi kinachoua makaki wakaiharibu jeni ya Nef kwa namna mbili. Kwanza walibadilisha herufi moja tu ya jeni, kiasi cha kuifanya protini ikatike katikati. Ndani ya wiki chache virusi vilivyopatikana katika damu ya makaki vilikuwa vimeirekebisha herufi ile, Nef ikarudi nzima, na wanyama wakaugua. Safari ya pili walikata kipande kirefu ambacho kirusi hakingeweza kukirudisha. Wingi wa virusi ukabaki chini kabisa na makaki hao wakakaa bila ugonjwa. Mwaka uliofuata ikaonekana kwamba makaki walioambukizwa kirusi kile kilichokatwa wanaweza kuhimili hata kirusi kikali. Unaweza kufikiri furaha iliyokuwepo. Wengi waliamini chanjo imepatikana.

Haikuwa. Mwaka 1995 iliripotiwa kwamba makaki wachanga waliopewa kirusi kilichokatwa Nef na vipande vingine walipata UKIMWI, na baadaye ikaonekana hata kwa baadhi ya wakubwa. Kwa binadamu pia tuna kisa kinachofanana. Huko Sydney, Australia, mtu mmoja aliyekuwa na VVU bila kujua alichangia damu, na waliowekewa damu hiyo wakaambukizwa. Miaka ilipita wakiwa wazima bila dawa. Walipochunguzwa, virusi vyao vilikutwa vimepoteza sehemu ya jeni ya Nef. Lakini hadithi haikuishia hapo: baada ya miaka mingi, CD4 za mchangiaji mwenyewe na za baadhi ya waliopokea damu yake zilianza kushuka. Mwambie kaka yako kisa hiki kwa ukamilifu wake. Kirusi kisicho na Nef kamili hutembea polepole, ila hakiachi kutembea. Na kirusi alichonacho yeye, kwa uwezekano mkubwa kabisa, kina Nef nzima.

Nef haiko peke yake. Seli zetu zina mitego ya zamani iliyowekwa kwa ajili ya virusi vya aina hii, na karibu kila protini ndogo ya kirusi ni ufunguo wa mtego mmojawapo. Uko mtego uitwao APOBEC3G, unaoingia ndani ya kirusi kipya na kuvuruga maandishi yake ya kijeni kinapojaribu kujinakili. Kirusi kina protini ya Vif kwa kazi moja kubwa: kuukamata mtego huo na kuupeleka ukaharibiwe. Uko mwingine uitwao tetherini, na huu nitausemea zaidi kwa sababu unaonyesha vizuri jinsi virusi vilivyohama kutoka kwa mnyama hadi kwetu.

Tetherini ni kama kamba. Upande mmoja umejifunga kwenye seli, upande wa pili hukinasa kirusi kinapochomoza. Katika picha za hadubini ya elektroni, seli ambayo tetherini yake haijazuiwa huonekana imejaa virusi vilivyokwisha kukomaa, vimeng'ang'ania juu ya utando kama kupe kwenye sikio la ng'ombe, haviwezi kuondoka. Katika kima wengi, kirusi huikata kamba hiyo kwa kutumia Nef. Lakini tetherini ya binadamu imepoteza kijisehemu cha viungo vitano vya protini, palepale ambapo Nef hushika. Kirusi cha sokwe kilipoingia kwa binadamu, kilikuta ufunguo wake hauingii. Lile kundi la VVU-1, aina ya kwanza ya VVU, lililosambaa dunia nzima, linaloitwa M, lilipata suluhisho kwa kuikabidhi kazi hiyo protini nyingine, Vpu. Kundi jingine, P, ambalo Vpu yake wala Nef yake haiwezi kuikata kamba ya binadamu vizuri, limepatikana kwa watu wachache mno. Sidai kwamba hiyo ndiyo sababu pekee, lakini ni vigumu kuipuuza.

Sasa nije kwenye jambo ambalo nadhani ndilo yule mzungumzaji alilisikia akaliparaza. Mwaka 2006 iligunduliwa kwamba Nef za virusi vya kima wengi, pamoja na ile ya VVU-2, huvuta pia kipokezi kingine juu ya seli iliyoambukizwa, kinachoitwa CD3. Bila hicho, seli haipokei tena ile amri ya kuwaka na kupigana. Nef ya VVU-1 imeupoteza uwezo huo. Seli inabaki na CD3 yake, inawashwa mara kwa mara, inachoka na kufa. Kwa maana hiyo ni kweli kwamba Nef ya kima wengi huacha kinga tulivu zaidi kuliko Nef ya VVU-1. Ila kirusi kinachowaua makaki nacho kinavuta CD3 vizuri kabisa, na bado wanakufa. Kwa hiyo Nef tulivu husaidia baadhi ya miili, lakini haitoshi kumwokoa mnyama ambaye mwili wake haujajiandaa.

Mwili wa tumbili na wa mangabe umejiandaa, na maandalizi hayo yako kwenye mnyama, hayako kwenye kirusi. Akiambukizwa, kinga yake huwaka kwa nguvu, kisha ndani ya wiki chache inazima moto wake. Kwetu na kwa makaki moto hauzimiki. Seli za CD4 zilizoko kwenye utumbo hupungua kwa wote, lakini kwa tumbili na mangabe ukuta wa utumbo unabaki imara. Kwetu ukuta huo huvuja, vipande vya bakteria huingia kwenye damu na kuchochea kinga usiku na mchana, na kinga inayowaka hutengeneza seli nyingi zaidi za aina ileile ambayo kirusi hupenda kuingia. Kirusi huhitaji pia mlango wa pili, CCR5, na mangabe anayo milango hiyo michache kwenye zile seli muhimu za kumbukumbu ya kinga zinazotengeneza nyingine. Tumbili naye hufanya jambo la ajabu: seli zake za kumbukumbu huivua CD4 zikishakomaa, huku zikiendelea na sehemu ya kazi zake. Kirusi kinafika mlangoni na kukuta mlango umeondolewa.

"Basi na sisi tutazoea," atasema kaka yako. Hapo ndipo penye hatari. Neno kuzoea linatumika hapa kwa maana mbili tofauti. Mtu huzoea baridi au mwinuko wa mlima ndani ya majuma. Tumbili hakuzoea namna hiyo. Uchunguzi wa virusi vya kima wa kisiwa cha Bioko, ambacho bahari ilikitenga na bara kama miaka 10,000 iliyopita, umeonyesha kwamba SIV ina umri usiopungua miaka 32,000, na huenda ni zaidi sana. Katika muda wote huo wanyama ambao miili yao haikuhimili walikufa bila kuacha watoto, wakabaki wazao wa waliohimili. Hakuna tumbili mmoja aliyeugua, akavumilia, akapona. Kirusi cha VVU-1 kimekuwa nasi tangu mapema karne ya 20 tu.

Kama anataka mfano wa karibu zaidi na binadamu, amtazame sokwe. Kirusi cha sokwe ni mchanganyiko wa virusi vya kima wa aina mbalimbali, na ndicho mzazi wa VVU-1. Kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba sokwe nao hawaugui. Kisha, mwaka 2009, yakatoka matokeo ya ufuatiliaji wa sokwe wa Gombe, kando ya Ziwa Tanganyika. Watafiti waliwapima kwa kutumia kinyesi na mkojo, bila kuwagusa. Kati ya sokwe 94, 17 walikuwa na maambukizi, na hatari yao ya kufa, ukilinganisha na wenzao wa umri uleule, ilikuwa kubwa mara 10 hadi 16. Baadhi walikutwa na uharibifu wa kinga unaofanana na UKIMWI. Video ya kaka yako haikumtaja sokwe hata kidogo, ingawa ndiye ndugu yetu wa karibu kuliko tumbili.

Kuna watu wachache sana, chini ya mmoja katika mia, ambao huvibana virusi bila dawa. Wapo kweli. Lakini wao virusi vyao ni vichache tangu mwanzo, na kaka yako kama angekuwa mmoja wao, vipimo vyake vya kabla ya kuanza dawa vingeonyesha. Mwambie aulize kliniki kiwango chake cha wakati huo. Kimeandikwa kwenye faili lake kama kilipimwa.

Na je, dawa zinauzuia mwili kupambana? Hili lilijaribiwa kwa watu. Utafiti mkubwa uliotangazwa mwaka 2006, wenye washiriki zaidi ya 5,400 katika nchi 33, ulilinganisha wanaomeza dawa mfululizo na wanaozisimamisha CD4 zikiwa nzuri na kuzirudia zikishuka. Ilibidi mpango wa kusimamisha dawa usitishwe mapema, maana waliosimamisha walikuwa na hatari zaidi ya maradufu ya kupata magonjwa nyemelezi au kufa. Kilichotushtua madaktari ni kwamba waliugua pia moyo, figo na ini zaidi ya wenzao. Ule moto wa kinga niliokueleza uliwashwa upya pamoja na virusi, na hauunguzi seli za CD4 peke yake.

Kwa hiyo, ukitaka kumweleza kwa sentensi moja: ARV ndizo zinazomfanya afanane na tumbili. Zinavizuia virusi visizaliane, kinga inatulia, CD4 zinabaki. Akiziacha, virusi vilivyojificha ndani ya seli zake hurudi kwenye damu, mara nyingi ndani ya wiki mbili hadi nne. Na kumeza siku mbili na kuacha tatu kuna ubaya wake wa pekee: dawa inabaki kidogo mwilini, haitoshi kuvizima virusi lakini inatosha kuvifundisha usugu. Dawa inayomfaa leo inaweza isimfae tena. Kama ana mwenza, ile hali ya virusi kutoonekana, inayomlinda mwenza asiambukizwe kwa njia ya kujamiiana, nayo haina uhakika tena mpaka apimwe upya.

Sasa la kufanya. Aanze tena kumeza kila siku kama alivyoelekezwa, asimeze dozi mbili kwa pamoja ili kufidia, na aende kliniki siku hizihizi. Aseme ukweli wote: tarehe alipoanza kuruka na siku ngapi. Mhudumu akijua atapanga kipimo cha wingi wa virusi, na kama virusi vimepanda hata baada ya kurudi kwenye dawa, atafikiria kipimo cha usugu. Aulize pia kama aliwahi kupimwa homa ya ini aina ya B, kwa sababu baadhi ya ARV hutibu ugonjwa huo pia, na kuzikatiza ghafla kunaweza kuliwasha ini vibaya. Macho yakiwa ya manjano au mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi, aende siku hiyohiyo. Vivyo hivyo akiwa na homa pamoja na maumivu makali ya kichwa au shingo kukaza, akishindwa kupumua vizuri, akikohoa kwa wiki mbili, akitokwa na jasho jingi usiku, au akiwa na utando mweupe mdomoni na maumivu anapomeza. Haya usiyangojee na wala usinisubiri mimi nijibu.

Na wewe, ukikaa naye, usianze na video. Kwa uzoefu wangu wa chumba cha kliniki, mtu aliyemeza dawa miaka sita bila kukosa haachi kwa sababu ya video peke yake. Huwa kuna kitu kilichomchosha kabla: ndoto mbaya usiku, kazi mpya ambako hana mahali pa kuficha kichupa, mchumba asiyejua, au kuchoka tu kuwa mgonjwa kila asubuhi saa mbili wakati hajisikii kuumwa. Muulize hilo, kisha nyamaza umsikilize. Mengi kati ya hayo yana ufumbuzi kliniki: vidonge hubadilishwa, saa ya kumeza huhamishwa, na mshauri nasaha anaweza kumsaidia kumwambia mwenza. Akikubali kwenda, jitolee kumsindikiza, na abebe kichupa chake na vidonge vyote vilivyobaki, ili wavihesabu pamoja na mhudumu bila kukisia.